Nani aliichagua Julai mosi?

(Mazungumzo ya jioni mbele ya walimu wa historia na wanafunzi wao, Tanga, Julai 1)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na ambao sijawagusa, hamjambo nyote?

Mwalimu aliyenikaribisha amesema nina dakika arobaini. Wanaonijua wanajua kwamba dakika arobaini kwangu ni za kukohoa na kutafuta miwani. Lakini naona masufuria ya pilau yameshateremshwa huko nyuma, na mimi sijawahi kushindana na pilau nikashinda. Kwa hiyo tutakwenda.

Nianze na kitambulisho cha marehemu baba. Ninacho hapa mfukoni. Mahali pa tarehe ya kuzaliwa pameandikwa 01/07/1931. Baba hakuzaliwa siku hiyo. Alichoambiwa na mama yake ni kwamba alizaliwa mwaka wa nzige, mvua za vuli zilipokuwa zimekaribia na watu hawana mbegu ya kupanda. Vuli na Julai wapi na wapi? Nilikuwepo siku anaandikishwa. Karani akamwuliza, mzee, tarehe ya kuzaliwa? Baba akaanza: ulikuwa mwaka wa nzige, basi walikuja kutoka upande wa Umba, mtama wote... Karani akamkata kwa adabu: mzee wangu, kompyuta haina mahali pa nzige. Akampigia Julai mosi. Nikamwuliza yule kijana kwa nini Julai mosi, akanijibu kwa akili sana. Alisema ni katikati ya mwaka, kwa hiyo hata akikosea hawezi kukosea kwa zaidi ya miezi sita. Wazee wote waliokuwa kwenye foleni ile asubuhi ile walitoka na siku moja ya kuzaliwa. Mmoja akamtania baba: kumbe sisi pacha!

Tangu siku hiyo siwezi kuiona tarehe nikaiamini kwa macho tu. Nauliza kwanza: nani aliichagua?

Na ninyi vijana nawauliza hivyo kwa sababu najua mnavyopenda vile vipindi vya redio vya "siku kama ya leo". Hata mimi navipenda, nasikiliza nikinyoa ndevu. Ila vile vipindi vinatumwagia matukio kama mvuvi anavyomwaga samaki mchanganyiko kwenye tenga: changu, tasi, pono, na pweza juu yake, wote wameingia kwa mshipi mmoja, au ndivyo unavyoambiwa. Ukienda kuuliza, huyu alivuliwa kwa nyavu, yule kwa mkuki, na yule pweza alinunuliwa sokoni jana.

Tuchukue hii hii ya leo. Hong Kong ilirudishwa China Julai mosi 1997. Kwa nini siku hiyo? Kwa sababu sehemu kubwa ya eneo lile Waingereza waliipangisha kwa miaka 99, na mkataba wa pango ulianza kuhesabiwa Julai mosi 1898. Pango likaisha, mpangaji akatoka. Hapo hakuna maajabu yoyote, mwenye nyumba ye yote wa Ngamiani hapa mjini anaielewa hesabu hiyo.

Chama cha Kikomunisti cha China nacho kinasherehekea kuzaliwa kwake leo, Julai mosi 1921. Hapa kuna kichekesho. Mkutano wao wa kwanza ulifanyika Shanghai mwishoni mwa Julai mwaka ule, si mwanzoni. Lakini ilipofika 1938 wakataka siku ya kusherehekea, wako vitani, kumbukumbu hawana, na waliokuwepo hawakumbuki tarehe kamili. Wanakumbuka ulikuwa Julai. Basi Mao akaitaja tarehe mosi. Chama chenye mamilioni ya watu kina siku ya kuzaliwa kama ya baba yangu, ya karani. Baadaye wanahistoria wao wenyewe waliitafuta tarehe ya kweli wakaipata, Julai 23, lakini sherehe ilikuwa imeshaota mizizi.

Tarehe nyingine haikuchaguliwa na mtu, na siku ilipopita hakuna aliyeigundua. Julai mosi 1858, London, katika mkutano wa chama cha wataalamu wa viumbe, yalisomwa maandishi ya Charles Darwin na Alfred Wallace kuhusu jinsi viumbe vinavyobadilika vizazi kwa vizazi. Waandishi wote wawili hawakuwepo. Wallace alikuwa mbali katika visiwa vya Asia, na Darwin alikuwa nyumbani, amefiwa na mtoto wake mdogo siku tatu nyuma. Watu walisikiliza, wakaenda zao. Mwenyekiti wa chama alipotoa taarifa ya mwaka alisema mwaka ule haukuwa na uvumbuzi wa kutikisa. Mwalimu anayesahihisha madaftari kwa haraka akumbuke habari hiyo.

Sasa nije kwetu, maana ndiko ninakotaka kukaa.

Julai mosi 1890, mjini Berlin, Wajerumani na Waingereza walitia saini mkataba ambao vitabu vinauita wa Heligoland na Zanzibar. Bismarck alikuwa ameshaondolewa madarakani mwezi Machi, kwa hiyo aliyekuwa mbele upande wa Ujerumani ni Kansela Caprivi. Upande wa Uingereza waziri mkuu alikuwa Lord Salisbury. Heligoland ni kisiwa kidogo katika Bahari ya Kaskazini, ukiamka mapema unakizunguka kabla chai haijapoa, na Waingereza walikuwa nacho tangu 1807.

Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba Ujerumani iliitoa Zanzibar ikapewa Heligoland. Si kweli, na naomba mkirudi darasani mlirekebishe. Zanzibar haikuwa ya Ujerumani hata siku moja. Mtu hawezi kukuuzia baiskeli ya jirani. Kilichofanyika ni kwamba Ujerumani ilikubali kwamba haitaweka pingamizi Uingereza ikiiweka Zanzibar chini ya himaya yake, na katikati ya Juni, kabla saini hazijakauka Berlin, Sultani Ali bin Said alikuwa ameshakubalishwa. Alikuwa na miezi minne tu kwenye kiti. Na nusu mwaka kabla ya hapo, Desemba 1889, Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, alikuwa amenyongwa Pangani, saa moja na kitu kwa gari kutoka hapa tulipokaa. Yaani pwani iliyopigwa chapa Berlin ilikuwa imetoka kupigwa mizinga kwanza.

Nimeusoma mkataba ule mara nyingi. Watu hudhani mikataba ni maandishi makavu, lakini ule una sehemu ambazo ukizisoma polepole unaweza kucheka, kisha kicheko kinakukwama.

Kifungu cha kwanza kinapanga mpaka. Unaanzia pwani, kwenye mdomo wa mto Umba, hapo juu yetu. Unakwenda Ziwa Jipe, unazunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini, unafika Ziwa Viktoria kwenye latitudo ya nyuzi 1 kusini. Sehemu hiyo ilikuwa imekwishapangwa tangu 1886. Na ile habari ya Malkia Viktoria kumpa mjukuu wake wa Ujerumani Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa ni hekaya ya kuwafurahisha watalii, iacheni huko huko. Kipya cha 1890 ni kwamba mstari sasa unavuka ziwa kwa latitudo hiyo hiyo, unatokea ng'ambo, unanyooka magharibi mpaka unapogota kwenye Dola ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Hapo ndipo wanapoongeza neno. Kwa maneno yangu, wanasema hivi: ila Mlima Mfumbiro usiwe upande wa Wajerumani. Na ikija kuonekana kwamba mlima huo uko kusini ya mstari, basi mstari upinde, uuzunguke mlima, halafu urudi mahali pake.

Ikija kuonekana! Yaani hawajui mlima uko wapi. Speke, msafiri wa Kiingereza, alikuwa ameviona vilele kwa mbali akiwa Karagwe mwaka 1861, na baada yake msafiri huyu na yule akasimulia. Kutokana na masimulizi hayo mabwana wamekaa Berlin wanagombea mlima ambao hakuna hata mmoja wao angeweza kuuonyesha kwa kidole kwenye ramani. Na kumbe si mlima mmoja, ni safu nzima ya volkeno, ile tunayoiita leo Virunga. Ikabidi mwaka 1910 Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji wakutane Brussels kuugawa upya. Watu wa Bufumbira, wanaosema Kinyarwanda, wakajikuta Uganda, na wako huko mpaka leo, wilaya ya Kisoro. Ukisimama mjini Kisoro unauona Muhavura umesimama kama mtu mzima aliyevaa kanzu. Nina hakika kabisa wakulima walio chini yake hawakuwahi kuupoteza hata siku moja.

Au tuchukue ile latitudo yenyewe. Kalamu inanyooka tu, mto Kagera haujui hilo, unapinda upendavyo. Matokeo yake kikabaki kipande cha nchi kaskazini mwa mto lakini kusini mwa mstari, kilomita za mraba zipatazo 1,800. Kipande hicho ni Tanzania. Mwishoni mwa Oktoba 1978 Idi Amin akaingiza majeshi yake humo, akatangaza kwamba mpaka ni mto. Daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakakimbia na godoro kichwani. Wazee waliopigana vita ile wapo humu ndani, nawaona. Mstari waliokwenda kuurudisha ni ule ule wa Julai mosi 1890. Mwalimu Nyerere hakuupenda ukoloni, lakini mipaka aliilinda, na yeye ndiye aliyewashawishi viongozi wenzake wa Afrika mkutanoni Cairo mwaka 1964 wakubaliane mipaka isiguswe. Nakubaliana naye, ingawa kila nikifikiria Mfumbiro nakubaliana naye kwa kuguna.

Kuna vipande vingine vya mkataba ule tunavitumia kila siku bila kujua. Kwa nini Mafia iko Mkoa wa Pwani, wakati Unguja na Pemba ni Zanzibar? Fungua kifungu cha kumi na moja. Uingereza inaahidi kumshawishi Sultani awaachie Wajerumani mwambao wa bara, pamoja na kisiwa cha Mafia, na Sultani alipwe fidia. Basi. Neno "pamoja na" ndilo lililoamua mtu wa Kilindoni leo apige kura wapi.

Witu nayo, kule Lamu. Sultani wa Witu alikuwa amejiweka chini ya ulinzi wa Wajerumani, akiamini amepata rafiki wa kumkinga na Sultani wa Zanzibar. Mkataba ukamkabidhi kwa Waingereza kama mtu anavyokabidhi funguo, pamoja na madai ya visiwa vya Pate na Manda na pwani kupanda mpaka Kismayu. Hakuulizwa. Miezi michache baadaye Wajerumani kadhaa wakauawa Witu, na Oktoba mwaka ule ule manowari za Waingereza zikaja, mji ukachomwa moto. Na Karl Peters, yule Mjerumani aliyekuwa amehangaika mpaka Buganda akapata mkataba wa Kabaka Mwanga, alitokeza Bagamoyo katikati ya Julai na karatasi zake, ndipo anaambiwa bwana, Uganda imeshakuwa ya Waingereza wiki mbili zilizopita. Huyo simwonei huruma hata chembe.

Sasa pesa. Fidia ya Sultani ilikuwa marki milioni 4, takribani pauni 200,000 za wakati ule. Wajerumani walilipa, na Januari mosi 1891 bendera yao ikapanda rasmi pwani yote hii. Lakini pesa hazikupelekwa Zanzibar zikawekwa kwenye kasha la Sultani. Ziliwekwa London, chini ya uangalizi wa Waingereza.

Shikeni hapo, turuke miaka mitano. Julai mosi 1895, Mombasa. Kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala upande wa pili wa Umba ilikuwa imefilisika, na serikali ikaichukua nchi. Himaya ilitangazwa Juni 15, makabidhiano yakafanywa Julai mosi, na Arthur Hardinge akapokea utawala wa nchi ambayo baadaye tungeiita Kenya. Kampuni ililipwa pauni 250,000 iondoke. Na katika hizo, 200,000 zilitoka wapi? Zilitoka katika fedha za Sultani. Zile zile. Kwa hiyo Sultani aliuza pwani yake ya kusini kwa lazima, halafu bei yake ikatumika kuilipa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imekodi pwani yake ya kaskazini. Nikifundisha hapo huwa nanyamaza kidogo, naacha darasa lipige hesabu lenyewe. Kila mwaka anatokea mwanafunzi mmoja, aghalabu mtoto wa muuza duka, anayepiga kelele kabla ya wenzake.

Na siku Hardinge anapokea utawala, Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gasi alikuwa ameshaanza kukaidi. Alipigana nao miezi mingi. Aprili 1896 alipobanwa, alifanya jambo ambalo nalipenda sana kwa ujanja wake: alivuka mstari. Akaingia upande wa Wajerumani na watu wake, akaweka silaha chini, na Waingereza wakabaki ng'ambo wanatazama. Akamalizia maisha yake Dar es Salaam. Mstari uliowekwa kuwagawa watu wa pwani, mtu wa pwani aliutumia kama mlango.

Je, Hardinge alichagua Julai mosi kwa kukumbuka Berlin? Mimi nasema hapana, naona mkono wa mhasibu. Nusu ya mwaka imekwisha, vitabu vinafungwa, vitabu vinafunguliwa. Hata leo bajeti zetu, Dodoma, Nairobi, Kampala, zinasomwa Juni na mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Siku hii ina harufu ya wino wa hazina.

Naona mmoja ananionyesha saa. Nimekuona, mwalimu.

Kuna Julai mosi moja ya huzuni lazima niitaje kwa sababu inatuhusu kwa njia ya kukosekana. Mwaka 1916, kaskazini mwa Ufaransa kwenye mto Somme, jeshi la Uingereza lilipoteza watu 19,240 waliokufa siku moja. Kikosi cha kisiwa cha Newfoundland kiliondoka kwenye handaki kikiwa na watu wapatao 800, na kesho yake walioitikia majina walikuwa 68. Newfoundland baadaye ikaja kujiunga na Kanada, na Kanada ilianzishwa Julai mosi 1867, kwa hiyo mpaka leo watu wa kisiwa kile siku hii wanaamka na maombolezo, mchana wanakwenda kwenye sherehe.

Mwaka ule ule, hapa kwetu, wapagazi walikuwa wanabeba masanduku ya risasi na magunia ya unga kupitia Pangani, Handeni, Morogoro mpaka Rufiji. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe walikufa zaidi ya 40,000, na hiyo ni hesabu ya waliowaandika. Walikufa kwa kuhara, kwa homa, kwa unga usioiva, mmoja hapa chini ya mwembe, wawili kule kivukoni. Hawakufa asubuhi moja, ndiyo maana hawana tarehe. Kalenda inakipenda kifo cha mara moja. Wao wamebaki na jina la soko, Kariakoo, na lile neno lenyewe ni la Kiingereza la jeshi la wapagazi tulilolilainisha kwa ulimi wetu. Ningekuwa na uwezo ningewatafutia siku, na ningeichagua mimi mwenyewe bila aibu, kama yule karani.

Tuje kwenye bendera.

Julai mosi 1960, Mogadishu, Somalia ilipata uhuru kutoka kwa Italia. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeipa Italia miaka kumi, na miaka hiyo ingekwisha Desemba 2. Hawakungoja. Tarehe ikasogezwa mbele mpaka Julai mosi, na kaskazini, Somalia ya Waingereza iliyokuwa imepata uhuru wake Juni 26, ikaungana na wenzao siku hiyo hiyo. Rais wa kwanza akawa Aden Abdulle Osman. Siku tano tu kaskazini ilikuwa nchi peke yake, na siku tano hizo leo ndizo zinazobishaniwa: kule kaskazini, Hargeisa, wanasherehekea Juni 26, Mogadishu wanasherehekea Julai mosi. Hapo tarehe zimechaguliwa kwa macho wazi kabisa, na kila mtu anajua anachochagua. Sisi Waswahili tusisahau pia kwamba usiku ule katika waliopandishiwa bendera walikuwemo Wabajuni wa Kismayu na watu wa Barawa wenye Chimiini chao, Kiswahili cha kwao. Kismayu ile ile ya mkataba wa 1890, ambayo Waingereza waliikabidhi kwa Italia mwaka 1925 pamoja na Jubaland.

Siku hiyo hiyo, Accra, Ghana ikawa jamhuri na Kwame Nkrumah akaapishwa kuwa rais. Mwaka ule wa 1960 tarehe zilikuwa hazitoshi Afrika.

Halafu 1962. Ninaomba mnisikilize hapa hata kama harufu ya pilau imezidi.

Wakati kalamu inanyoosha ile latitudo Berlin mwaka 1890, kusini ya mstari kulikuwa na falme mbili zimekaa. Rwanda mtawala alikuwa Kigeli Rwabugiri, mtu wa vita, aliyekuwa akihama kutoka ikulu moja hadi nyingine mwaka mzima. Burundi alikuwa Mwezi Gisabo. Siku ile wote wawili waligeuzwa kuwa mali ya Ujerumani kwenye karatasi, na hakuna Mzungu aliyekuwa amekanyaga Rwanda bado. Oskar Baumann alifika 1892, na Rwabugiri alikutana na Mjerumani, von Götzen, mwaka 1894. Götzen huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa gavana Dar es Salaam wakati wa Majimaji. Miaka minne mtu anatawala nchi yake bila kujua kwamba imeshaandikwa jina la mwingine. Mimi nikilala usiku hilo linanirudia kuliko vita vyenyewe.

Wajerumani wakaondoka, Wabelgiji wakaingia, Ruanda-Urundi ikawa chini ya udhamini. Na uhuru ulipofika, Umoja wa Mataifa ulitaka itoke nchi moja. Haikuwezekana, mambo ya Rwanda na ya Burundi yalikuwa yameshaachana mno. Rwanda walikuwa wameondoa ufalme na Grégoire Kayibanda ndiye rais. Burundi walibaki na Mwami Mwambutsa. Juni 27, 1962, Baraza Kuu lilipiga kura New York: udhamini utakoma Julai mosi. Siku nne! Mtu anayeoza binti hapa Tanga anapewa muda mrefu zaidi ya huo kukodi viti.

Na Burundi waliipandisha bendera yao wakiwa na matanga. Mwanamfalme Louis Rwagasore, ambaye chama chake cha UPRONA kilishinda viti 58 kati ya 64 Septemba 1961, alikuwa amepigwa risasi Oktoba 13 katika hoteli kando ya ziwa, akiwa waziri mkuu kwa wiki chache tu. Alikuwa rafiki wa Mwalimu Nyerere. Nguvu yake mjini ilikuwa kwa watu wa kawaida, na Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ulikuwa wake. Ukienda Buyenzi leo utasalimiwa Kiswahili kabla hujafungua mdomo. Mji uliokuwa ukiitwa Usumbura siku zile za uhuru ukaanza kuitwa Bujumbura.

Hesabuni sasa. Julai mosi 1890 mpaka Julai mosi 1962. Miaka 72 kamili, siku kwa siku. Karatasi iliyozichukua na karatasi iliyoziachia zina tarehe moja. Redio ingekuambia ajabu hiyo! Mimi nasema bahati, kama wale wazee wa foleni. Aliyetia saini Berlin labda alikuwa anawahi likizo ya kiangazi, na waliopiga kura New York walikuwa wanaikimbia Kongo isiwaambukize vurugu, na wote wakaangukia siku ambayo makarani hupenda kuanzia. Rwanda wenyewe siku hizi furaha yao kubwa wameipeleka Julai 4, siku Kigali ilipokombolewa mwaka 1994. Burundi wanaandamana leo na ngoma zao.

Baada ya hapo mambo yakawa ya Arusha. Julai mosi 2007 Rwanda na Burundi ziliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakarudi kukaa sebule moja na Tanganyika waliyokuwa nayo wakati wa Mjerumani. Julai mosi 2010 Soko la Pamoja likaanza: watu, bidhaa na mitaji ivuke kwa urahisi. Nawaambia tena, mkono wa mhasibu.

Siku ile ya 2010 nilikuwa Jasini kwa shangazi yangu. Mnaijua Jasini, ukitoka hapo mbele kidogo ni mikoko, na ng'ambo ya mikoko ni Vanga, Kenya. Mdomo wa Umba uko hapo, ule wa kifungu cha kwanza. Mimi nimekaa na redio barazani, natafsiri habari kwa sauti: shangazi, kuanzia leo mtu wa Afrika Mashariki anavuka mpaka kwa urahisi! Naye alikuwa anajifunga leso mpya, doti nzima, amejipaka hina mpaka kwenye viwiko. Kulikuwa na harusi Vanga, mjukuu wa dada yake. Ngalawa ilikuwa inamsubiri kwenye maji kupwa, na ndani yake kuna kapu la maandazi, mbuzi mmoja, na wanawake sita wanaimba tayari.

Akanitazama, akaitazama redio. Akaniuliza: "Kwani wewe huji?"

Niliizima redio. Mwaka jana nilimwuliza kama anakumbuka Julai mosi ya 2010. Alifikiri sana. Akasema ndiyo, anakumbuka, mbuzi aliruka majini kabla hatujafika, tukamvua kwa nyavu.

Asanteni. Pilau hilo hapo.